Mshipa Ulioliwa na Sisimizi

Mimi huandika polepole. Barua ya ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima, na nikishaimaliza huisoma tena nikaona nimesahau kusalimia. Kwa hiyo nyinyi vijana mnaoanza kazi katika maabara, msitegemee kwangu maneno makubwa. Shule niliishia darasa la saba, Makunduchi, na yaliyobaki nimejifunza nikiwa nimesimama, kwanza na sufuria mkononi, halafu ufagio, halafu bomba.

Nimeambiwa niwaachie kumbukumbu zangu za kazi, nami nimefikiri sana niwaachie ipi. Nimeona niwaeleze habari ya mshipa mmoja wa moyo ambao sisimizi waliula, na habari ya mtu mmoja, mwalimu wangu, aliyekuwa kila asubuhi akisimama njiani kusalimia watu, mpaka nikaingiwa na hofu kwamba iko siku atasimama asiondoke tena.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Moyo unasukuma damu ya mwili mzima, lakini nao una mishipa yake wenyewe ya kuulisha, imeuzunguka kwa nje kama kilemba. Mafuta yakijijenga ukutani mwa mshipa huo, njia inakuwa nyembamba. Sasa huwezi kumpasua mtu kila ukitaka kuona damu inapitaje pale penye wembamba. Basi tulikuwa tukitengeneza mshipa wa bandia, wa mpira unaoonekana ndani kama kioo, tunapitisha damu ya bandia kwa pampu, tunatazama, tunapima. Damu yenyewe ilikuwa maji yaliyochanganywa na gliserini, ile ile ya kupaka midomo inapopasuka wakati wa kipupwe, mpaka yawe mazito kama damu.

Ukimweleza mtu mtaani kwamba kazi yako ni kupitisha damu kwenye mabomba, anakuuliza, "Damu ya nani?" Shangazi yangu Bi Pili, niliyekuwa nikikaa kwake Ng'ambo, alichoka na maswali hayo akawaambia majirani kwamba ninashughulika na mabomba. Siku iliyofuata jirani akaja kuniita mfereji wake umeziba.

Maabara ilikuwa ghorofani katika nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, kuta nene, ngazi za mbao zilizosimama wima hata zimefungwa kamba ya kushikia. Mkubwa wetu alikuwa Daktari Zuhura, mhandisi, mama mwembamba asiyependa kelele. Mwenye maabara hasa, mtu wa kushika pampu na spana, alikuwa Mwalimu Othman. Hakuwahi kufundisha darasani. Watu walimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa akieleza mambo, hata kwa mtu ambaye hakuuliza.

Yeye ndiye aliyekuja kunichukua. Bi Pili alikuwa akipika kashata na peremende za harusi na maulidi, na mie nilikuwa msaidizi wake. Mwalimu Othman akapiga hodi, akakaribishwa, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kwa kuwa hapakuwa na kiti.

"Bi Pili, nnatafuta mtu wa kunipikia sukari iwe ngumu kama kioo. Isifanye chenga chenga kama mchanga."

"Ya kuliwa na nani?"

"Hailiwi. Inamiminiwa mpira."

Shangazi akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Othman, mie nna harusi mbili wiki hii. Mchukue huyu. Hasemi, lakini mkono wake mzuri."

Mie wakati huo nilikuwa nyuma ya mlango, nimejifunika uso kwa ukaya. Kesho yake nikaenda naye. Maabara haikuwa na nafasi ya kazi inayoitwa mpika sukari, basi nikaandikwa mfagiaji. Miezi ya mwanzo sikusema zaidi ya "naam" nikiitwa na "ndiyo, Mwalimu" nikitumwa. Daktari Zuhura alinambia baadaye kwamba kwa muda mrefu alidhani nina ugonjwa wa koo.

Sukari ilikuwa ya nini? Ili upate bomba la mpira lenye uwazi wa umbo unalotaka, lazima kwanza utengeneze umbo la huo uwazi wenyewe. Tulikuwa tukiliita kiini. Unakiweka kiini ndani ya kisanduku, unamimina mpira ukiwa bado majimaji juu yake, unauacha ugande, halafu unakitoa. Sasa kiini cha mshipa uliobana kina kiuno katikati. Ukikivuta, utapasua mpira. Kwa hiyo hukivuti, unakiyeyusha. Mwalimu alianza na nta ya mshumaa, lakini nta inaacha ukungu ndani, huoni kitu. Sukari inaondoka na maji ya moto na kuacha njia safi.

Sukari yangu ya kwanza ilikuwa nzuri sana kwa mdomo. Tulipoimiminia mpira ikatoa mapovu, mshipa ukawa kama andazi ndani. Mwalimu aliukata kwa kisu, akautazama, akamega kipande cha sukari iliyobaki akatia mdomoni.

"Mwanaidi, hii tamu," akasema. "Mie nataka kavu."

Nikarudia, na kurudia. Yeye alijua mpira na mie nilijua sufuria, na katikati hapakuwa na ajuaye, ikabidi tutafute pamoja. Tulichokipata ni hiki, nanyi mkikihitaji kichukueni. Pika kwa moto mdogo mpaka tone ukilitia kwenye maji baridi livunjike na kutoa mlio kama unyasi mkavu. Likinyumbuka, bado. Sukari ikianza kuwa nyekundu, umechelewa. Tia matone ya ndimu ili isifanye chenga, lakini ukizidisha ndimu, kiini kitatoka jasho kabla ya adhuhuri. Wakati wa masika usikiache wazi hata kidogo. Kaanga mchele mkavu, usiwe na mafuta, utie kwenye kopo la biskuti, ukilaze kiini juu yake ndani ya kitambaa. Mchele unavuta unyevu wote.

Ramadhani ilikuwa taabu. Harufu ya sukari inayochemka ilijaa nyumba nzima na watu wamefunga.

"Mwanaidi," Daktari Zuhura alisema siku moja, amesimama mlangoni na kalamu mkononi, "leo lazima sukari?"

"Mwalimu kasema."

"Basi mwambie Mwalimu mie n'nakwenda kukaa chini mpaka futari. Na dhambi zangu zote za leo ni zake."

Sasa sisimizi. Kwetu kabati la chakula huwekwa miguu yake ndani ya makopo ya maji, sisimizi wasipande. Meza yetu ya viini nayo tuliiweka hivyo hivyo, kila mguu na kopo lake. Ijumaa moja bwana afya alipita nyumba kwa nyumba kutafuta viluwiluwi vya mbu, akaviona kwenye makopo yetu, akagomba. Nikayamwaga maji, nikasugua makopo, nikayaweka juani yakauke. Wanaume wakaenda kuswali, mie nikaswali pembeni, nikala, nikajinyoosha kidogo. Niliporudi kwenye meza, msafara ulikuwa umeshuka dirishani, umepanda mguu wa meza, umefika kwenye kiini.

Na kiini chenyewe kilikuwa kile ambacho Mwalimu alikuwa amekichonga kwa subira kuliko vyote, kiuno chembamba sawasawa kila upande, kama kiuno cha nyigu. Walikuwa wamekila upande mmoja.

Mwalimu alirudi msikitini na kanzu yake. Nilimwonyesha kwa kidole. Hakugomba. Alichukua kioo cha kukuzia akainama hapo muda mrefu, mpaka nikatamani agombe.

"Hawa wana mkono kuliko mie," akasema. "Mwite Daktari."

Daktari Zuhura akatazama naye. "Mwalimu Othman, mshipa wa mgonjwa huliwa hivi hivi," akasema. "Upande mmoja, na hapa umekwaruzika, na hapa umeacha kishimo. Mie nilikuwa natafuta namna ya kukwambia kwamba viuno vyako vizuri kupita kiasi. Mimineni mpira."

Tukawapuliza sisimizi, tukamimina. Mmoja hakutoka. Yumo mpaka leo, ndani ya ukuta wa mpira karibu na pale penye wembamba, amenyoosha miguu. Wageni wakiuliza ni kitu gani kile, Daktari huwaambia, "Ndiye fundi mwenyewe."

Siku hizi hamna haja ya haya. Ipo mashine inayochapa kiini kutoka kwenye picha ya moyo wa mtu hasa, na ipo kompyuta inayochora mwendo wa damu kwa rangi, nyekundu hapa, buluu pale, bila tone la maji. Nimeyaona nikiwa bado kazini na nimeyapenda. Sisemi yetu yalikuwa bora. Ila nikipita nje ya jikoni ya mtu na kusikia sukari ikianza kupiga mapovu mazito, miguu inasimama yenyewe, na nasikia sauti ya Mwalimu ikiniuliza kama tone limevunjika.

Nirudi kwake. Yeye alikaa Ng'ambo kama mie, na kila asubuhi tulikwenda kazini kwa miguu, kupitia Darajani mpaka ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Yeye mbele, mie nyuma, kwa adabu na kwa haya. Miaka ya mwanzo alikuwa na mwendo wa kukimbizana. Nilimfuata nikiwa nimekunja buibui mkononi, huku naye anaeleza kitu na haangalii kama nasikia.

Halafu akaanza kusimama. Mwanzo palikuwa mahali pamoja, kwenye baraza ya Mzee Shaaban, muuza kahawa. Mwalimu alikuwa akisimama hapo na kuweka kiganja ukutani.

"Sabalkheri, Shaaban. Habari za asubuhi?"

"Nzuri, Othman. Za kwako?"

"Alhamdulillahi. Za nyumbani? Watoto hawajambo? Na yule mgonjwa?"

Nilipenda kumsikiliza. Wazee wa baraza nao walimpenda. Mzee Shaaban alikuwa akisema makusudi, nami nisikie, "Othman anajua kuamkiana. Hawa wa siku hizi wanapita kama paka."

Baada ya muda akawa anasimama pia kwa fundi cherehani. Halafu kwa muuza mkate wa mofa. Salamu zikarefuka. Aliuliza habari za watoto, za wajukuu, za paa linalovuja. Siku moja alipomaliza watu wote wa nyumba ya Mzee Shaaban na bado hajaondoa mkono ukutani, akauliza, "Na mbuzi?"

"Mbuzi gani, Othman? Nshamchinja tangu Idi ya Mfungo Tatu."

Baraza nzima ikacheka, naye akacheka. Lakini mie nilikuwa nyuma yake na nikaona mabega yake yanavyopanda na kushuka.

Kitu kingine nilikiona kazini. Kuta za vichochoro vile zimepakwa chokaa, na chokaa kavu hushika mkononi. Mwalimu akifika na kugusa vyombo, vioo vyetu vinabaki na alama nyeupe za kiganja. Mfagiaji ni mie, mfutaji ni mie. Zamani nilikuwa nikifuta mara moja moja. Sasa nikawa nafuta kila siku.

Tukifika chini ya nyumba alianza kunambia, "Tangulia, ukafungue madirisha." Natangulia. Asubuhi moja niko juu, nimeshika komeo la dirisha, nikamsikia katikati ya ngazi anasalimia. "Waalaykum salaam, waalaykum salaam. Habari za nyumbani?" Nikachungulia kumwona mgeni. Hapakuwa na mtu. Alikuwa peke yake, ameshika kamba kwa mkono mmoja, mwingine uko kifuani.

Nikarudi dirishani taratibu, nisimwonyeshe kwamba nimemwona.

Nilijua ninachokitazama, maana yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Alikuwa amenieleza mara nyingi kwamba mshipa uliobana haumsumbui mtu aliyekaa. Damu anayoihitaji ni kidogo na inapita. Akitembea, akipanda ngazi, moyo unataka zaidi, na pale penye wembamba hapapitishi zaidi. Kifua kinabana. Akisimama, kinaachia, naye anajiona mzima. Alinieleza pia kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kuendelea hivyo muda mrefu, na anaweza kuanguka siku yoyote mafuta yale yakipasuka na damu ikaganda juu yake. Nilikuwa nikitembea nyuma yake kila asubuhi nikitazama visigino vyake, na kila akisimama nilikuwa naomba Mungu asimame kwa kusalimia kweli.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Kumsemea mtu mzima maradhi yake kwa mkubwa wake wa kazi, kwetu ni kama kumvua nguo. Na kumwambia mwenyewe, mie niliyekuwa nikishindwa kuomba chumvi mezani? Hata hivyo nilijaribu. Nilimfuata akiwa anakaza pampu.

"Mwalimu, ungekwenda ukapimwa."

"Nipimwe nini?"

"Kifua."

Akaacha spana. "Nani kakwambia kifua? Muhogo wa jana huo. Gesi." Akaendelea kukaza nati ambayo ilikuwa imeshakazika. Nikaondoka, na sauti ikaondoka na mie.

Siku moja tulitarajia wanafunzi wa udaktari waje kesho yake kutazama. Daktari Zuhura alikuwa amekwenda kufundisha. Mwalimu akataka tujaribu kila kitu, na mshipa tuliouweka ulikuwa ule wa sisimizi. Mtaukuta bado kabatini, kwa hiyo niwaeleze unavyofanya kazi. Kabla ya wembamba pana mrija mwembamba wa kioo umesimama wima, na baada ya wembamba pana mwingine, yote miwili ina maji ya rangi. Mwalimu alikuwa na maneno yake: "Mrija wa kwanza unakwambia nguvu iliyofika. Wa pili unakwambia nguvu iliyobaki." Mbele zaidi pana kibanio, ndicho kinachofanya kazi ya mishipa midogo midogo. Ukikilegeza, ni kama mwili umetaka damu zaidi.

Yeye alikaa kwenye kigoda. Mie nilikuwa kwenye pampu.

"Weka mwendo wa mtu aliyekaa."

Nikaweka. Maji ya mirija miwili yakasimama karibu sawa.

"Huyu hana habari," akasema. "Anakunywa kahawa yake. Haya, mtembeze."

Nikaongeza pampu, nikalegeza kibanio. Mrija wa pili ukaanza kushuka.

"Mpandishe ngazi."

Nikaongeza tena. Ukishaongeza mwendo, hasara ya nguvu pale penye wembamba haiongezeki kwa kadiri ile ile, inaruka kuzidi. Mrija wa kwanza ulikuwa juu, wa pili umeanguka mpaka karibu na meza. Rangi tuliyotia ilikuwa inazunguka nyuma ya mahali walipotafuna sisimizi, kama maji nyuma ya jiwe. Kwenye kioo cha mrija wa pili palikuwa na alama nyeupe ya kiganja, ya asubuhi hiyo.

Sijui sauti niliitoa wapi. Nilikuwa natazama pampu, sikumtazama yeye.

"Mwalimu, mshipa huu ungekuwa mtu, akifika hapa angefanya nini?"

Yeye aliyekuwa akijibu hata asichoulizwa, hakujibu. Pampu ikaendelea kupiga. Niliposhindwa kuvumilia nikageuza macho, nikamkuta anautazama ule mrija ulioanguka.

"Angesimama," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Angetafuta mtu wa kumsalimia."

Nikapunguza pampu bila kuambiwa. Mrija wa pili ukaanza kupanda, polepole, mpaka ukafika karibu na mwenzake.

"Na akishasalimia," Mwalimu akasema, "anajiona hana kitu."

Akanigeukia.

"Umejua lini?"

"Nilipoanza kufuta chokaa kwenye mirija kila siku."

Akageuza kiganja chake akakitazama. Kilikuwa cheupe mpaka kwenye vidole. Akakifuta kwenye suruali, akakitazama tena.

"Na hukunambia."

"Nilikwambia, Mwalimu. Ukasema muhogo."

Akacheka, cheko fupi la puani. "Maskini muhogo." Halafu akauliza, "Unaogopa?"

"Naogopa."

"Hata mie." Akainuka, akavaa kofia yake, akaiweka sawa kama mtu anayekwenda kuposa. "Nenda kamwite Daktari. Mwambie Othman anamwita. Usiseme kwa nini, n'tasema mwenyewe."

Nilishuka ngazi zile nikikimbia, na darasani kwa Daktari, mbele ya wanafunzi wake wote, nikasema kwa sauti ambayo hata mie sikuitambua, "Daktari, Mwalimu anakuita sasa hivi." Aliacha chaki mezani akatoka.

Akampeleka hospitali kwa gari yake. Walipompima wakasema safari ya bara haina kusubiri, na kabla ya wiki kwisha akavuka na mke wake kwa boti. Sisi tukabaki. Wanafunzi walikuja, Daktari akawaonyesha mshipa wa sisimizi, mie nikashika pampu na kumjibu yeyote aliyeniuliza, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kujibu. Asubuhi nilikwenda kazini peke yangu, na bila visigino vya kufuata nilikuwa sijui nitembee kwa mwendo gani. Nikifika barazani kwa Mzee Shaaban natamani nipite kama paka, lakini ananiita.

"We binti, mwalimu wako yuko wapi?"

"Kasafiri."

"Kasafiri bila kutuaga? Othman?"

Naye alikuwa si mjinga. Siku iliyofuata hakuniuliza, ila alinambia, "Tunamwombea huyo msafiri wako," akanimiminia kahawa ambayo sikuiomba.

Alirudi amepungua, na ana hadithi ya kumtosha mwaka mzima. Alivuta mkono wa shati akatuonyesha kidonda kidogo kwenye kifundo. "Wameingilia hapa. Mkononi! Waya umekwenda wenyewe mpaka moyoni, mie nautazama kwenye televisheni kama mechi ya mpira. Wamefika palipobana wakapapanua, wakaacha kibomba cha wavu pashike." Halafu akataka aletewe mshipa wa sisimizi. Akauinua dirishani akaupima kwa jicho.

"Kwangu kulikuwa kubaya zaidi," akasema, na nilisikia kwenye sauti yake kitu kama fahari.

Baada ya hapo aliishi miaka mingi. Alistaafu kabla yangu, akaendelea kuja kunieleza nisichomuuliza, na ametangulia mbele ya haki akiwa mzee wa kushikwa mkono na wajukuu. Nyinyi mnaotengeneza mishipa kwenye kompyuta, sina la kuwafundisha juu ya kompyuta. Ninachowaomba ni kwamba mkiwa njiani na mtu mzima akasimama kusalimia, simameni naye, itikieni vizuri, na mtupie jicho mahali alipoweka mkono wake.

Mie nikimkumbuka, namkumbuka asubuhi ile aliyorudi kazini. Nilimkuta nje ya nyumba yake amevaa kofia mpya. Tukaondoka, yeye mbele, mie nyuma. Tulipofika Darajani nilikuwa tayari nimekunja buibui mkononi, namfuata mbio mbio kama zamani. Fundi cherehani alipungiwa mkono tu. Muuza mkate wa mofa alipungiwa mkono. Tukafika barazani kwa Mzee Shaaban, Mwalimu akasema, "Salaam alaykum," akapita.

Nyuma yetu nikasikia kikombe kinawekwa chini.

"Mmemwona Othman?" Mzee Shaaban aliwaambia wenzake. "Kwenda bara mara moja tu, kesharudi na dharau."

Mwalimu akasimama. Nikautazama mkono wake. Akageuka, akarudi mpaka mbele ya baraza, akasimama katikati ya kichochoro, mbali na ukuta, mikono ameifunga nyuma.

"Sabalkheri, Shaaban. Habari za asubuhi?"

"Nzuri," Mzee Shaaban akajibu, bado amenuna.

"Za nyumbani? Watoto hawajambo? Wajukuu? Na mbuzi?"

"Othman, mbuzi nshakwambia nimemchinja."

"Najua," Mwalimu akasema. "Leo nauliza kwa raha yangu."

Akasalimia mmoja mmoja, mpaka wa mwisho, kisha tukaenda. Chini ya nyumba nilisimama nikingoja aniambie nitangulie. Hakusema. Alipanda yeye kwanza, na nilisikiliza ngazi nzima nikiwa nimeshika kamba, nisisikie salamu wala kusimama, mpaka nikasikia juu madirisha yanafunguliwa.

Mchana, nilipofuta mirija, kitambaa kilitoka safi.